Sumu ya Owino Uhuru na Deni la Mlinzi



Ipo hukumu moja katika nchi yetu ambayo ingefaa kusomwa kwa sauti makanisani, misikitini na katika kila baraza la wananchi, nayo haisomwi. Ilitolewa mjini Mombasa tarehe 16 Julai 2020 na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi walioisikia redioni walikumbuka jambo moja tu, nalo ni fedha: shilingi bilioni 1.3 kwa wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, waliolishwa sumu ya madini ya risasi mwaka baada ya mwaka. Hatuwalaumu. Sikio la Mkenya limezoea kusimama likisikia bilioni, kwa kuwa mara nyingi bilioni zikitajwa huwa zimekwisha kuibwa.

Lakini leo hatuanzi na fedha. Tunataka kuutazama mgawanyo wa lawama, maana hapo ndipo mahakama ilipotamka neno ambalo wakubwa wangependa lisahauliwe. Kiwanda chenyewe, Kenya Metal Refineries EPZ Limited, kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba za watu, kilitwikwa asilimia 25 ya dhima. Kampuni nyingine ya kibinafsi ilitwikwa asilimia 5. Wizara ya Mazingira asilimia 10, Wizara ya Afya asilimia 10, na mamlaka inayosimamia viwanda vya EPZ asilimia 10. Na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, ambayo sote twaijua kwa jina la NEMA, asilimia 40. Jumlisha mwenyewe, msomaji. Wenye biashara, 30. Waliolipwa mshahara kutokana na kodi zetu ili wauzuie moshi huo, 70.

Tumewasikia wenzetu wa taaluma ya sheria wakiguna. Wasema: imekuwaje mlinzi wa usiku ahukumiwe kuliko mwizi? Aliyewasha tanuri si NEMA. Aliyemwaga asidi mtaroni si waziri. Je, si dhuluma kumpa robo tu yule aliyetenda, na kumtwika sehemu kubwa zaidi yule ambaye kosa lake ni kutotenda? Hoja hii si ya kijinga, na wanaoitoa si wote vibaraka wa serikali. Twaijibu kwa sababu twaamini ya kwamba mahakama ile ilisema kweli, na kwamba mustakabali wa kila kijiji kilicho jirani na bomba la moshi hapa Kenya umo katika asilimia zile 40.

Kwanza na tukumbushane yaliyotendeka.

Owino Uhuru ni kijiji cha makabwela, Mikindani, Mombasa, chenye watu wapatao 3,000, nyumba zake za udongo na mabati zimesongamana hadi ukuta wa kiwanda. Kiwanda kilianza kazi mwaka 2007. Kazi yake ilikuwa kuvunja betri za magari zilizokwisha nguvu, kumwaga asidi yake, kutoa vibati vya risasi vilivyomo ndani na kuviyeyusha tanuruni ili madini yauzwe ng'ambo. Betri ikivunjwa hutoa vumbi. Risasi ikiyeyuka hutoa mvuke na moshi. Vumbi na moshi havisomi mipaka ya kiwanja: huvuka ukuta, hutua juu ya mabati, na mvua ikinyesha huteremka pamoja na maji hadi kwenye ndoo ya mama anayekinga maji ya kunywa. Hutua uwanjani wachezapo watoto. Hutua juu ya nguo zilizoanikwa. Na kijana aliyeajiriwa kuvunja betri hurudi nyumbani jioni amelibeba vumbi lile katika shati lake, akalipakata pamoja na mtoto.

Risasi mwilini ni adui mwenye subira. Mwili huidhania kuwa ni chokaa ya mifupa, ukaihifadhi mifupani kwa miaka. Kisha mwanamke anaposhika mimba, mifupa yake huitoa tena ikamfikia mtoto tumboni. Huharibu figo, hupandisha shinikizo la damu, huporomosha mimba. Kwa mtoto mdogo huushika ubongo, na ubongo ulioharibiwa hivyo haurudishwi na dawa yoyote. Shirika la Afya Duniani lasema ya kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama. Mwalimu atakayemwona mtoto huyo darasani atamwita mzito wa kuelewa, na mzazi atamchapa kwa uvivu. Hakuna jeraha la kuonyesha kwa daktari, wala kwa hakimu.

Mwaka 2009 kiwanda kilimwajiri Bi. Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi zake ikawa kushughulikia ripoti ya athari za mazingira. Tafakari tarehe hizo, msomaji: tanuri lilikwisha kuwaka tangu 2007! Ripoti iliposema kiwanda hakifai kuwa mahali pale, aliondolewa katika kazi hiyo. Baadaye mwanawe aliyekuwa bado ananyonya akapimwa, na risasi ikapatikana katika damu yake. Mama yule aliacha kazi, akaanzisha kituo cha kutetea haki na mazingira, akaongoza wanakijiji barabarani. Mwaka 2012 alikamatwa akashtakiwa kwa uchochezi, na baadaye mahakama ikamwachilia huru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa nishani ya Goldman ya watetezi wa mazingira, na mwaka uliofuata kesi ya kijiji ikafikishwa mahakamani.

Sasa twairudia hoja ya mlinzi na mwizi.

Mfano huo una kasoro moja kubwa. Mlinzi wa usiku akimkuta mwizi hamwandikii cheti cha kuingilia dirishani. Lakini chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, hakuna kiwanda cha aina hii kinachoweza kuanza kazi kihalali bila ya tathmini ya athari zake kufanywa na NEMA kutoa leseni. Kifungu cha 58 chasema hivyo waziwazi. Kifungu cha 68 chaipa NEMA jukumu la kuvikagua viwanda hivyo vikiisha kuanza. Wakaguzi wake wana idhini ya kuingia kiwandani, kuchukua sampuli za udongo na maji, kudai vitabu vionyeshwe. Kifungu cha 108 chaipa uwezo wa kuamuru aliyechafua asafishe. Mkazi wa Owino Uhuru hana hata moja katika haya. Akijaribu kuingia kiwandani kuchukua udongo, atakuwa ni mvamizi, na askari atamtia pingu. Akifunga lango kwa mawe, ni mchochezi. Sheria imemnyang'anya raia nguvu ya kujilinda mwenyewe, ikaiweka yote mikononi mwa afisa mmoja mwenye muhuri. Hilo si baya. Ndiyo maana ya kuwa na serikali. Lakini aliyekabidhiwa ngao ya watu 3,000 kisha akaiweka chini, hawezi kusimama mbele ya hakimu akadai yeye alikuwa mtazamaji tu.

Mwenye kiwanda, kwa upande wake, alifuata tabia ya mtaji popote duniani: alitafuta faida. Hatumtetei, la hasha! Asilimia 25 yake ni halali yake na ingekuwa zaidi tusingelia. Twasema tu kwamba sheria ya mazingira ilitungwa kwa sababu kila mtu alijua tangu mwanzo mwenye kiwanda angefanya hivyo. Asingefanya, tusingehitaji NEMA. Simba hafugwi kwa kumwomba asile mbuzi. Hufugwa kwa ua, na ua ukikutwa na tundu, aulizwaye ni mjenzi wa ua.

Na hapo pana jambo ambalo halitajwi sana. Mtaalamu anayeandika ripoti ya tathmini ya mazingira huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Ndivyo mfumo ulivyo, na si siri. Kwa hiyo karatasi inayofika mezani pa NEMA imetoka kwa mtu ambaye karo ya watoto wake inategemea kuwafurahisha wenye miradi. Kinga iliyobaki ni mbili: macho makali ya afisa anayeisoma, na sauti ya wananchi. Kanuni za mwaka 2003 zataka mwenye mradi, anapofanya uchunguzi wa athari, abandike matangazo mahali pa mradi, atangaze redioni kwa lugha ambazo watu wanazielewa, na afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika. Mitatu! Sisi tumezunguka katika makazi mengi ya wanyonge, na tukiuliza kuhusu mikutano hiyo, watu hututazama kama tumeuliza habari za mwezini. Pengine wanakumbuka siku walipotiwa sahihi za mahudhurio na kupewa soda. Kuhusu tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, tusiseme kitu, ila tungependa kumwona huyo mvunja betri wa Mikindani anayelinunua kila Ijumaa.

Wasomaji wetu walio waumini wanaifahamu habari ya mlinzi katika kitabu cha nabii Ezekieli: yule aonaye upanga ukija asipige tarumbeta, watu wakauawa, damu yao itadaiwa mkononi mwake. Nabii hakusema mwenye upanga hana hatia. Alisema mlinzi naye ana deni lake, ambalo halifutwi na kosa la mwenye upanga. Mahakama ya Mombasa ilisema jambo hilo hilo kwa tarakimu. Na wanaomkumbuka Pilato watakumbuka pia kwamba maji ya bakuli hayakumsafisha, ingawa si yeye aliyeshika nyundo.

Je, NEMA ilipokea hukumu hiyo kwa unyenyekevu? Hapa ndipo uchungu wetu ulipo. NEMA ilikata rufaa. Taasisi iliyoundwa ili kuwalinda wananchi dhidi ya sumu ilikwenda mahakamani, kwa fedha za umma, kupinga wananchi waliolishwa sumu wasilipwe kama ilivyoamriwa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile fidia, ikaagiza suala la kiasi cha malipo lirudi chini likasikizwe upya. Fikiria maana yake kwa mama aliyekwisha kusimama kizimbani akaeleza mimba zake zilizoporomoka: arudi, aanze tena. Mawakili twajua ya kwamba kukata rufaa ni haki ya kila mdaawa, na hatuwanyimi. Hata hivyo si kila haki yapasa kutumiwa na serikali dhidi ya raia wake wagonjwa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ile ya bilioni 1.3. Tangu Julai 2020 hadi hapo ni miaka minne na zaidi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya hukumu ya Mombasa alikuwa amekwisha kufika la tano.

Tungeweza kusema hayo yalikuwa makosa ya zamani, na kwamba mlinzi sasa yu macho. Laiti! Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, Nairobi. Watu walikufa, na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, wengine wakiwa wamelala vitandani mwao. Mamlaka ya kawi na petroli, EPRA, ilieleza kwamba mwaka 2023 ilikuwa imeyakataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale mara tatu: Machi, Juni na Julai, kwa sababu ya msongamano wa makazi. Na NEMA? NEMA ilikuwa imetoa leseni yake. Halmashauri ya NEMA yenyewe ilikiri baadaye kwamba leseni hiyo haikupaswa kutolewa, ikawataja maafisa wake waliohusika. Ofisi moja ya serikali ilitazama uwanja ikaona makaburi. Nyingine ikatazama uwanja ule ule ikagonga muhuri. Twauliza: kulikuwa na ugumu gani kwa ofisi hizo mbili, zote za Nairobi, kupigiana simu?

Wako maafisa waadilifu ndani ya NEMA. Twawafahamu baadhi yao, na twajua wanavyofanya kazi: mkaguzi bila gari, maabara mbali, na simu kutoka juu ikimwuliza kwa nini anamsumbua mwekezaji. Hiyo simu kutoka juu ndiyo ugonjwa wenyewe. Hatudai kwamba NEMA ivunjwe, kama wanavyodai wengine kwa hasira. Twadai simu hiyo iandikwe. Kila afisa atakayeagizwa na mkubwa wake kutoa leseni au kufungua kiwanda kilichofungwa, na aagizwe kwa maandishi yenye jina, na maandishi hayo yawekwe katika faili ambalo mwananchi anaweza kulisoma.

Vijana wetu hawana budi kukumbushwa tulikotoka. Mwaka 1989, enzi za chama kimoja, Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuuzuia mnara wa ghorofa 60 uliokuwa ujengwe katika bustani ya Uhuru Park na Kenya Times Media Trust, kampuni iliyohusiana na chama tawala. Mahakama haikujisumbua kuuliza kama bustani ingeharibiwa. Ilisema tu kwamba mama yule hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa yeye binafsi hakudhuriwa. Bustani ilikuwa mali ya wote, basi haikuwa na mtetezi! Mnara haukujengwa, lakini aliyeuzuia ni upinzani wa wananchi na aibu ya kimataifa. Sheria haikusaidia kitu. Wale waliopigwa virungu wakidai vyama vingi walidai na hili pia, hata kama hawakulitaja kwa jina: kwamba raia aweze kuiuliza serikali mbele ya hakimu. Matunda yake yamo katika Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 42 yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 yamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishwa, bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba mtu yeyote amekwisha kudhurika. Bila ya ibara hizo mbili, Owino Uhuru ingerudishwa mlangoni kama Profesa Maathai.

Lakini haki iliyoandikwa na haki iliyo mkononi ni vitu viwili. Wengi hawajui ya kwamba mtu akiishinda serikali mahakamani, hawezi kumpeleka dalali akanadi magari ya wizara kama vile mwenye nyumba anavyonadi viti vya mpangaji. Sheria ya Kesi za Serikali, kifungu cha 21, imekataza. Mshindi huomba cheti cha deni, akaipelekea wizara, akangoja. Isipolipa, hurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha katibu mkuu alipe. Asipolipa, hurudi tena kuomba aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Serikali hiyo hiyo ikimdai mwananchi kodi, haina mzunguko kama huo. Bunge lililobadilisha sheria nyingi tangu 2010 limekiacha kifungu hiki kikae, kwa sababu kinawafaa wote wanaotumaini kuingia serikalini kesho, wakiwemo wa upinzani.

Na kuna swali la mfuko. Asilimia 40 ya bilioni 1.3 ni shilingi milioni 520. NEMA haina shamba wala duka. Ikilipa, inalipa fedha za umma. Mama wa Owino Uhuru anaponunua sabuni ya kuosha nguo za mtoto aliyetiwa sumu, kodi iliyomo katika bei ya sabuni hiyo yamchangia fidia yake mwenyewe. Kwa hiyo twasema fidia ilipwe, tena haraka, lakini isiwe ndiyo mwisho wa hesabu. Majina ya waliotoa vibali na waliopuuza malalamiko ya kijiji yatajwe hadharani, na wanaostahili kushtakiwa washtakiwe. Afisa akijua kwamba kosa lake litalipwa na Hazina yeye akipandishwa cheo, atagonga muhuri hata juu ya jeneza.

Udongo nao usisahauliwe. Mahakama ya Mombasa iliagiza usafishwe katika miezi minne, la sivyo zilipwe shilingi milioni 700 za kuusafisha. Risasi haiozi. Haichukuliwi na upepo ikaisha. Mtoto aliyezaliwa Owino Uhuru baada ya tanuri kuzimwa aliikuta ardhi ile ile ikimngoja atambae juu yake.

Tunachowaomba ninyi mnaosoma ukurasa huu si maandamano, angalau si kwa sasa. Twawaomba barua. Kila kamati ya haki na amani parokiani, kila kikundi cha akina mama, kila chama cha vijana kilicho jirani na kiwanda, jaa la taka, machimbo au kituo cha gesi, na kiandike kwa NEMA chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombeni vitu vitatu tu: nakala ya leseni ya mahali hapo, ripoti ya ukaguzi wa mwisho, na orodha ya mahudhurio ya mikutano ya wananchi iliyofanywa kabla ya leseni kutolewa. Hamlazimiki kueleza sababu. Sheria yampa afisa siku 21 za kujibu. Na habari inayoombwa ikihusu uhai wa mtu, saa 48. Tieni tarehe, mwombe muhuri wa kupokelewa, mhifadhi nakala kanisani. Siku ya 22, kama jibu halijaja, ileteni nakala hiyo kwetu. Mawakili wa kuishughulikia bila malipo wapo.